Nikirudi, Tutakula

Jumanne ya wiki ya pili ya Septemba, saa tisa alasiri, Winifred alibandika sufuria ya maharage kwenye jiko la makaa, akaifunika, kisha akawaita binti zake mapacha mlangoni. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani kichwani na kukikaza sana, kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku ya tatu mfululizo.

"Nakwenda kituo cha afya kutafuta dawa," aliwaambia. "Bibi Pudentienne yuko hapo jirani, atawatazama. Msiguse sufuria. Ningojeni, nikirudi tutakula."

Gaju, aliyezaliwa kwanza, aliitikia bila kuinua macho, maana alikuwa anachora sakafuni kwa kipande cha mkaa. Mugeni, aliyezaliwa robo saa baadaye, alimsindikiza mama yake mpaka kwenye ngazi za mawe zinazoteremka barabarani. Akasimama pale hadi kitambaa cha kijani kilipopotea kwenye kona.

Winifred hakurudi. Kituoni walimpima shinikizo la damu, wakaita gari la wagonjwa papo hapo. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, na jua la Kigali lilipotua alikuwa amekwisha kukata roho hospitalini. Maharage yaliungua. Bibi Pudentienne alisikia harufu kutoka kwake, akaja kuepua sufuria, akawakuta mapacha wameketi kizingitini, bega kwa bega, wakiitazama barabara.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito, na kanda lake, yaani mfuko wake, hata mtoto hulibeba bila kutweta. Maana yake ni kwamba mzigo ulio kichwani kwa mwingine huonekana mwepesi kwa yule anayeutazama tu. Mutsinzi, mume wa Winifred, aliijua methali hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi huko Karagwe, Tanzania, wazazi wake walikokuwa wakimbizi. Aliwahi kuitungia kisa darasani, akapigiwa makofi. Lakini ilimchukua miaka mingine ishirini na tisa kuielewa.

Mutsinzi alikuwa fundi wa makochi kule Gisozi, katika karakana za Agakiriro. Léonce, seremala mwenzake, alipiga fremu za mbao, naye Mutsinzi alizivisha sponji na kitambaa. Mikono yake ilisifiwa na wengi. Akinyanyua mito miwili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, aliweza kusema upi umepungukiwa sponji hata kwa kiasi cha ganda la yai. Hakuwa mlevi wala mtu wa makelele. Nyumbani chakula hakikukosekana. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo haikuonekana kwa macho: aliamini kwamba katika nyumba yake mtu anayefanya kazi ni mmoja.

Kila jioni aliporudi alimkuta Winifred ameketi mkekani, mguu mmoja ameunyoosha na mwingine ameukunja, Gaju kushoto kwake na Mugeni kulia, na sahani moja kubwa ya bati katikati. Mapacha walikula sahani moja, kijiko kwa kijiko, huku wakisimulia habari zisizo na kichwa wala miguu. Mama yao hakufanya lolote. Aliketi tu, na kuketi huko kulichukua saa nzima.

"Mama Gaju," Mutsinzi alimwambia jioni moja, akivua viatu, "saa nzima kulisha watoto wawili wanaojua kushika kijiko?"

"Nani anawalisha? Si wanakula wenyewe."

"Basi wewe umekaa hapo unafanya nini?"

"Nimekaa."

Mutsinzi aliangua kicheko. "Halafu baadaye utasema umechoka. Umechoka kwa kukaa?"

"Siku moja njoo ukae wewe, Baba Gaju," Winifred alimjibu bila hasira. "Siku moja tu. Ndipo utaniambia kama gunia lako la sponji ni zito kuliko hapa."

Na asubuhi ya ile Jumanne, Winifred alipolalamika tena juu ya kichwa, Mutsinzi alikuwa anatafuta soksi. Alimwambia bila hata kugeuka, "Kichwa tena? Kwani wewe umebeba nini?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mkewe.

Katika juma la matanga, mapacha hawakuwepo. Claudette, dada mkubwa wa Mutsinzi, aliwachukua kwake Kimisagara kabla jeneza halijafika.

"Mtoto wa miaka sita haambiwi kifo," Claudette alisema. "Waambie mama yao amesafiri. Watazoea, kisha watasahau."

Mutsinzi alikubali shingo upande. Watu walipotawanyika na viti vya kukodi kurudishwa, mapacha waliletwa nyumbani wakiwa wamevaa magauni mapya. Baba yao alichuchumaa mbele yao. Alikuwa amejiandaa kuwaambia ukweli tangu siku aliyotoka makaburini, lakini alipofungua kinywa yalitoka yale ya dada yake.

"Mama amesafiri kidogo," alisema.

Gaju aliangalia chini ya kitanda. Mugeni aliuliza, "Amesema atarudi lini?"

"Ah, tutaona," akajibu Mutsinzi, akaondoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Basi maisha yakaanza. Mutsinzi aliamka saa kumi na moja alfajiri akawasha makaa, na kabla uji haujachemka alikuwa amekwisha kupoteza soksi mbili. Uji uliposhuka, daftari halikuonekana. Daftari lilipoonekana, mtoto mmoja alitaka kwenda msalani na mwingine akataka kumsindikiza. Walisoma darasa la kwanza, zamu ya asubuhi. Mchana Bibi Pudentienne, mjane aliyekulia Bujumbura, aliwapokea na kuwapa chai na andazi, nao walikaa kwake mpaka baba yao aliporudi jioni kupika. Baada ya kupika kulikuwa na kufua, na baada ya kufua kulikuwa na pasi. Kila kitu kilikuwa mara mbili. Mutsinzi alianza kusinzia akiwa na misumari midogo mdomoni. Siku moja Léonce aliifyatua midomo ya mwenzake kwa kidole, misumari ikamwagika.

"Utaimeza, sha, halafu tukuzike wewe na misumari yetu," Léonce alisema, akimwita "sha" kama marafiki wa Kigali wanavyoitana.

Tatizo jingine lilikuwa la kutambua nani ni nani. Mapacha wale walifanana kama shilingi kwa ya pili, na shule ilitaka vichwa vinyolewe. Winifred aliwatambua hata kwa kikohozi. Mutsinzi hakuwahi kulazimika, kwa kuwa siku zote alikuwepo wa kumwambia. Sasa alitumia akili ya kifundi: akanunua sweta nyekundu ya Gaju na ya buluu ya Mugeni, sahani nyekundu ya Gaju na ya buluu ya Mugeni. Ile sahani kubwa ya bati aliitundika msumarini, juu ya dumu la maji. Jioni alipakua kwenye sahani mbili vipimo vilivyo sawa, akawaacha mezani, akatoka nje kufua. Aliporudi na mikono yenye povu, sahani zote mbili zilikuwa tupu.

"Dakika kumi na tano!" alijisemea mara ya kwanza alipozikuta tupu, na moyoni alihisi kama ameshinda mabishano ya zamani. Kisha akakumbuka kwamba hakukuwa na wa kumwambia.

Lakini kabla ya hapo, siku za mwanzo, sahani moja ilibaki nusu mara mbili tatu, na Mutsinzi, ambaye maji yalikuwa yamemfika shingoni, alipandisha sauti. Claudette alikuwa anampigia simu kila Jumapili akimwambia, "Nipe mmoja, ubaki na mmoja. Mzigo ukigawanywa hupungua." Kila mara alikataa, ila neno lilibaki sikioni. Jioni moja lilimtoka.

"Asiyemaliza sahani yake nitampeleka kwa shangazi Kimisagara akakae huko. Mmoja huko, mmoja hapa. Mmesikia?"

Mapacha walitazamana. Tangu siku ile sahani hazikubaki na kitu.

Mwezi wa Oktoba ulipokuwa unakwisha, Bibi Pudentienne alimngojea Mutsinzi kwenye uzio. Alikuwa mama mzee wa kuheshimiwa, mnene, asiyeweka akiba ya maneno. Yeye na Mutsinzi walizungumza Kiswahili, kwa kuwa wote wawili walikulia nje, yeye Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na mwenzake Karagwe, na Kinyarwanda chao kilichekwa sokoni.

"Papa Gaju, mtoto wako mmoja anapungua."

"Yupi, mama?"

"Hapo ndipo shida iko. Leo naona ni wa buluu, kesho naona ni wa nyekundu. Macho yangu ni ya uzee, lakini mbavu ni mbavu."

"Wanamaliza chakula, mama. Sahani naziona mimi mwenyewe."

"Sahani unaziona. Na midomo?"

"Mama, nimechoka," alisema Mutsinzi. "Kesho nitawapeleka wapimwe, ulale vizuri."

"Mimi nalala vizuri. Wewe ndiye unayelala umesimama kama punda."

Kesho yake aliwapeleka kituo cha afya. Foleni ilikuwa ndefu, na simu ya mteja mmoja wa Gikondo ilikuwa inaita kila baada ya dakika tano kuhusu viti sita alivyoahidiwa. Muuguzi aliita, "Gaju!" Sweta nyekundu iliingia, ikapanda mizani, ikatoka, na mapacha wakaomba kwenda msalani. Waliporudi muuguzi aliita, "Mugeni!" Sweta ya buluu ikaingia. Mutsinzi alikuwa nje mlangoni, akimwapia mteja kwamba kitambaa kimefika.

"Mapacha kweli," muuguzi alisema akimkabidhi kadi. "Hata uzito wamegawana sawasawa. Kilo ishirini, kilo ishirini. Hawana neno."

Mutsinzi alimwonyesha Bibi Pudentienne zile kadi kupitia juu ya uzio. Mama yule alizishika mbali na macho, akazisoma, akazirudisha.

"Haya," alisema. "Mizani imesema."

Hata hivyo hakuacha kuwatazama.

Jambo moja tu lilimsumbua Mutsinzi katika siku hizo. Gaju alilia tumbo karibu kila jioni. Alimpa dawa ya minyoo, kisha akampa tena. Alipolia mara ya tatu alimkemea: "Mbona mwenzako halii?" Mtoto aliacha kulia, akajikunja kwenye mkeka na kushikilia tumbo lake kama mtu anayeficha kitu.

Novemba ikaja na mvua zake. Jumapili moja Claudette alipiga simu tena, na safari hii Mutsinzi hakukataa. Alikuwa ameunguza shati la shule kwa pasi na ameketi nalo mapajani.

"Mwisho wa mwezi, dada," alisema. "Njoo mwisho wa mwezi tuzungumze. Labda mmoja."

Alhamisi iliyofuata, Bibi Pudentienne alikwenda kwenye misa ya marehemu ndugu yake, ikabidi Mutsinzi aache kazi mchana akawachukue watoto shuleni. Mvua iliwakuta njiani. Haikuwa manyunyu. Ilimwagika kama mtu aliyepindua dumu, na walipofika kwenye ngazi za mawe, zile zinazopanda kutoka barabarani hadi nyumbani, maji mekundu ya udongo yalikuwa yanateremka kwa nguvu, ngazi hazionekani.

"Njooni," alisema. Aliinama, akawanyanyua wote wawili, mmoja kila mkono, akaanza kupanda.

Hakuwa amewabeba pamoja tangu walipokuwa wa miaka mitatu. Alipanda ngazi kumi. Mkono wa kulia ulianza kuuma, kama ilivyostahili. Mkono wa kushoto haukusema kitu. Alipanda nyingine tano. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na wa kushoto ulikuwa kama uliobeba nguo zilizoloa tu. Mutsinzi alisimama katikati ya maji. Alifanya kile ambacho mikono yake hufanya kila siku karakanani bila kuulizwa: aliegemea ukuta, akawabadilisha, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia, akasikiliza. Uzito ulihama. Sasa mkono wa kushoto ndio uliouma.

Hakuhitaji mizani. Alimtazama mtoto aliye mwepesi. Alikuwa amevaa sweta nyekundu.

"Gaju," aliita kwa sauti ya chini.

"Naam, Baba," akaitika yule mzito, mwenye sweta ya buluu.

Mvua iliendelea kunyesha. Mutsinzi alimgeukia yule mwepesi, uso kwa uso, maji yakimchuruzika kwenye nyusi.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi Mugeni," alisema mtoto.

Baba akamuuliza mwanawe jina lake, mtoto akajibu kwa adabu kama anavyojibiwa mgeni. Mutsinzi alipanda ngazi zilizobaki bila kuhisi mguu wake ukigonga jiwe.

Ndani ya nyumba aliwavua nguo zilizoloa. Kwa miezi miwili walikuwa wakioga na kuvaa wenyewe, wakisaidiana, naye alilishukuru jambo hilo kwa kuwa lilimpunguzia kazi. Sasa aliona. Mbavu za Mugeni zilihesabika, na mabega yake yalitokeza kama pembe za fremu ambayo haijavishwa. Mutsinzi alichukua taulo, akamfunika, akaketi chini mbele yao.

"Nani anakula chakula cha Mugeni?"

Gaju aliinamisha kichwa.

"Sitapiga mtu. Nani?"

"Mimi," Gaju alisema, na hapo hapo machozi yakamtoka. "Ulisema asiyemaliza ataenda kwa shangazi. Yeye hataki kula, nami sitaki aende. Nakula yangu, halafu nakula yake. Tumbo linauma, Baba. Viazi vinaniuma sana."

"Na kule kwenye mizani?"

"Tulibadilishana sweta msalani. Nikapanda mara mbili. Na siku nyingine tunabadilishana tu, Bibi asijue."

Mutsinzi alishika kichwa. Mtoto wa miaka sita alikuwa amebeba mzigo huo jioni baada ya jioni, naye kwa malipo alimpa dawa ya minyoo.

"Mugeni," alisema. "Mwanangu. Kwa nini huli?"

Mugeni alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Mama alisema tungoje. Akirudi tutakula."

"Lakini uji unakunywa. Na andazi la Bibi unalila."

"Andazi ni andazi. Chakula cha jioni ndicho alisema tungoje. Naonja kidogo tu, nikisikia njaa sana."

Nje mvua ilikuwa inapungua. Mutsinzi alijua kwamba hakuna mwingine wa kuwaambia watoto ukweli, si Claudette, si padri, si Bibi Pudentienne. Alipiga moyo konde.

"Mama hakusafiri," alisema. "Siku ile alikwenda akaumwa sana, akafa. Tumemzika. Mimi niliwaficha."

"Hatarudi kesho?"

"Hatarudi kesho."

"Na Krismasi?"

"Hata Krismasi, mwanangu."

Mugeni alifikiri. Alikuwa anavuta uzi mmoja wa taulo.

"Mimi nilijua," Gaju alisema.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Viatu vyake vya safari viko chini ya kitanda. Niliviona siku ile tuliporudi."

"Na mwenzako ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akasema mpaka Baba aseme."

Hapo Mutsinzi alilia. Hakulia hivyo makaburini, ambako watu walimsifu kwa uvumilivu. Mapacha walimwacha alie. Mugeni naye alilia, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti kubwa iliyomfanya Bibi Pudentienne, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kanisani na mwavuli wake, asimame kwenye uzio. Alisikiliza kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akaingia kwake bila kubisha.

Jioni ile Mutsinzi alipika maharage na viazi. Aliziacha zile sahani mbili kabatini. Aliitungua sahani kubwa ya bati kutoka msumarini, akaifuta vumbi, akatandika mkeka, akaketi. Mapacha walisimama wakimtazama.

"Mama alikuwa hakai hivyo," Gaju alisema.

"Alikaaje?"

"Mguu huu mbele. Ule ukunje. Hapana, ule mwingine. Ndiyo. Sasa mimi huku, Mugeni huku."

Wakaketi. Gaju akala vijiko vitano, akaacha kula bila kuambiwa, akashusha pumzi. Mugeni alishika kijiko akakitazama. Mutsinzi hakumwambia kula. Alikaa tu. Simu iliita, mteja wa Gikondo, akaiacha iite. Nguo zilizoloa zilikuwa kwenye beseni. Mgongo ulianza kumchoma, mguu uliokunjwa ukafa ganzi, na mtoto alikuwa ameuegemea, hivyo hakuweza kuunyoosha. Gaju alianza kusimulia habari ya mbwa wa mwalimu. Habari haikuwa na mwisho. Mutsinzi aligundua kwamba hawezi kuisikiliza kwa sikio moja na kumtazama Mugeni kwa jicho moja. Ilibidi awepo mzima, pande zote mbili, na jambo hilo lilimchosha kuliko kunyanyua makochi.

Habari ya mbwa ilipofika pale mbwa alipoiba kiatu, Mugeni alicheka kidogo, na katika kucheka akatia kijiko mdomoni. Kisha cha pili. Baada ya muda mrefu, cha tatu na cha nne. Akaishia hapo.

Mutsinzi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa moja na dakika ishirini. Alitaka kumwambia mtu jambo, akageuza kichwa kuelekea chumbani, akakumbuka.

Siku iliyofuata walirudi kituo cha afya, na safari hii baba alisimama kando ya mizani, mkono wake juu ya bega la mtoto. Gaju alikuwa na kilo ishirini na nusu. Mugeni alikuwa na kilo kumi na tano. Muuguzi aliitazama kadi ya zamani, akamtazama Mutsinzi, na Mutsinzi akasema, "Kosa ni langu." Walipewa maelekezo: kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kurudi kila wiki. Alipofika nyumbani alikwenda kwenye uzio.

"Mama, uliniambia," alisema.

"Nilikwambia," Bibi Pudentienne alijibu. Alimpa mayai manne yaliyofungwa kwenye gazeti.

Claudette alipopiga simu Jumapili kuuliza atakuja saa ngapi, Mutsinzi alimwambia, "Njoo kutusalimu, dada, lakini wa kuondoka naye hayupo. Hawa hawagawanyiki." Claudette alimwambia ataumia. Mutsinzi akamjibu kwamba tayari ameumia.

Sasa ni Februari. Mugeni amefika kilo kumi na saba na nusu. Zipo siku anazokula vizuri, na zipo siku anazokaa na kijiko mkononi akiitazama barabara, na siku hizo sahani hukaa mkekani mpaka mchuzi ugande. Zile sweta hazina mwenyewe tena. Kila mtoto huvaa iliyokauka. Mutsinzi huwatambua sasa, ingawa bado hukosea mara mojamoja wakiwa wamempa mgongo.

Juzi, saa kumi kamili, alifunika mashine yake ya kushonea na kuanza kufunga mlango wa karakana. Wenzake wote walikuwa bado wanapiga nyundo. Léonce, kwenye karakana ya jirani, aliinua kichwa kutoka kwenye fremu.

"Saa kumi, Mutsinzi? Viti vya watu vimelala uchi hapa, wewe unafunga?"

"Nakwenda kukaa na watoto wale."

"Watoto wawili wa shule, wenye mikono yao?" Léonce alicheka kwa upole, kama mtu anayemtania ndugu. "Kukaa tu nako ni kazi, sha? Kwani unabeba nini?"

Mutsinzi alisimama na kufuli mkononi. Aliyajua maneno hayo, kila moja. Hakumkasirikia. Alifunga mlango, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha, akaanza kupanda mlima. Kila siku saa kumi karakana yake hufungwa, kwa kuwa jioni kuna sahani moja na watu watatu, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.